Mstari wa Zambarau

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, vyote viwili bila kubisha hodi. Paa la maabara linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya meza ya tano, na ndoo ileile imerudishwa kazini. Nilifika kabla ya watu wote nikapanga spektrometa zangu nane, vyombo vya kuigawanya nuru na kupima rangi zake, kila moja na mche wake wa kioo, darubini yake na taa yake ya zebaki, kisha nikarekebisha darubini zote kwa jicho langu la kulia, kama ninavyofanya kila muhula kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Wanafunzi hawagusi lenzi. Hiyo ni sheria yangu, nimeibandika mlangoni kwa herufi nyekundu tangu siku mjinga mmoja alipoangusha moja kwenye sinki. Kazi yao ni kusoma pembe na kuandika. Kuona vizuri nimeshawaandalia mimi.

Mkuu wa idara alinikuta koridoni akaniuliza kama sijachoka. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioninyima raha mchana kutwa. Mkataba wangu siku hizi ni wa mwaka mmoja mmoja, na huu unasainiwa upya mwezi wa sita.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kikao cha idara. Sikumbuki lililosemwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu amerudi na riwaya mpya ya upelelezi. Tangu afiwe na mumewe tunaishi pamoja. Cherehani yake imemeza sebule yote na mimi nimebakiwa na kona moja ya kochi. Kitabu kikiingia nyumbani anakikata vipande viwili kwa mkasi wake wa kazi, ili kila mtu apate cha kusoma. Mimi ni mkubwa, nachukua nusu ya kwanza. Yeye husoma mwisho kabla ya mwanzo, halafu kwenye meza ya chakula "linamponyoka" jina la muuaji. Tumeshagombana kwa hilo mara mia.

Chuoni nakificha changu ndani ya jarida la kisayansi. Wenzangu wanadhani nasoma mambo mazito. Ukweli ni kwamba nayapenda mavitabu haya, karatasi zake za kuwashia moto na Inspekta wake wa kofia ambaye kila akipigwa risasi inampata begani. Nayapenda kwa sababu ndani yake kila kitu kina sababu, na sababu ina mtu, na mtu huyo karibu kila mara ndiye mwenye funguo.

Jumatatu, 10 Machi

Jioni taa za barabarani zilikuwa na pete kubwa, nzuri ajabu. Nilisimama na mwavuli nikamweleza mdogo wangu jinsi matone madogo ya maji hewani yanavyoipinda nuru. Akasema yeye haoni pete yoyote. Nikamwambia hajazoea kutazama. Akasema amezoea kulowa, twende.

Jumatano, 12 Machi

Nimeaibishwa nyumbani kwangu. Mdogo wangu alinituma uzi wa zambarau kwa ajili ya gauni la mteja. Nikauleta.

"Dada, huu ni wa kahawia."

"Ni zambarau iliyokolea."

"Kahawia, dada yangu. Wa kushonea suruali ya mlinzi."

Nikamfundisha basi, nikiwa nimesimama na koti linachuruzika, kwamba rangi haikai kwenye kitu peke yake, inategemea pia taa inayokimulika, na taa ya duka lile ni mbovu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Nitamwambia mteja alivae pamoja na taa." Nililazimika kucheka.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimeudhika, na bado nimeudhika.

Lilikuwa zoezi la taa ya zebaki. Nuru yake ikipita kwenye mche inagawanyika kuwa mistari: njano miwili, kijani, buluu, na mwisho kabisa zambarau. Nilikagua taa zote asubuhi. Zambarau haikuwepo kwenye hata moja. Nikasema taa zimezeeka, haidhuru, watapima minne. Nilikusudia kuwaambia, nikasahau.

Nikakusanya madaftari. Wote wameandika pembe ya zambarau. Meza zote nane! Na namba zinakaribiana kabisa.

Nilimwita msichana wa meza ya tatu, mpole, hajawahi kuchelewa hata siku moja.

"Huu mstari umeuona wapi?"

"Hapa, Mwalimu." Akaonyesha darubini.

Nikainama nikachungulia. Njano, kijani, buluu kwa mbali, kisha giza tupu. "Hakuna kitu."

"Upo, Mwalimu. Ni hafifu, lakini ninauona."

"Binti, mstari huo nilianza kuupima kabla hujazaliwa. Ungekuwepo ningeuona."

"Basi naomba uangalie tena."

Darasa likaguna. Nikamwandikia sifuri mbele yao wote, kisha nikawaandikia na wengine, meza baada ya meza. Hakulia. Alilitazama daftari lake, akaitazama darubini, akalitazama tena daftari. Namba hizo hawakuzibuni. Zinalingana na za vitabuni. Mtu amewapa.

Jumanne, 18 Machi

Madaftari ya miaka iliyopita yamo kabatini. Kabati lina funguo mbili, wangu na wa Bisibisi.

Bisibisi ni fundi wa maabara. Jina lake la kwenye hati analijua karani wa ajira tu. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Ni mtu wa maneno machache na mifuko mingi, na kila mfuko una skrubu za aina yake. Nilimwuliza kama taa zimechoka. Alinitazama kwa muda.

"Taa ni nzima, Mwalimu." Kisha, "Labda..."

"Labda nini?"

"Basi tu."

Sijapata usingizi mzuri kwa sababu ya hiyo "basi tu".

Jumatatu, 24 Machi

Nimetega mtego. Kila darubini ina bomba dogo la lenzi ya kuchungulia, linavutwa nje au kusukumwa ndani kulingana na jicho. Asubuhi baada ya kurekebisha nilichora alama ya penseli kwenye kila bomba, nyembamba kama unywele. Saa sita nikarudi. Yote nane yamevutwa nje milimita mbili.

Kwa hiyo si majibu tu Bisibisi anayowapa wanafunzi. Anaviharibu na vyombo vyangu. Kwa nini? Nani amemtuma? Nilimkumbuka Mkuu na upole wake.

Jumatano, 26 Machi

Nimemshika. Nilipitia mlango wa nyuma nikasimama nyuma ya kabati la miche. Bisibisi aliingia, akajipangusa mikono, akaenda meza ya kwanza. Akavuta lenzi kidogo, akachungulia, akaenda ya pili. Hivyo hivyo mpaka ya nane. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, na hilo ndilo lililonichoma. Inspekta hapigi kelele akiona kitu, huondoka kimyakimya. Nami niliondoka kimyakimya.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Nguo hazikauki. Nimesoma nusu ya kitabu bila kuelewa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepeleka barua kwa Mkuu. Kurasa mbili: majibu ya wanafunzi, alama za penseli, tarehe, saa. Imeandikwa vizuri, nikijisifu mwenyewe. Nyumbani nikamsomea mdogo wangu. Alisimamisha cherehani.

"Umemwuliza?"

"Nani?"

"Bisibisi, nani mwingine! Mtu aliyekuja kutuzibia bomba siku ya msiba wa mume wangu. Umemwuliza kwa nini anazivuta?"

"Mhalifu haulizwi. Huchunguzwa."

"Hilo la kitabuni, dada. Tena la nusu yako ya kwanza." Akarudi kwenye cherehani na hakusema nami tena mpaka kulala.

Jumatatu, 7 Aprili

Amesimamishwa kazi. Kamati ya nidhamu itakaa wiki ijayo, na ikimkuta na kosa anafukuzwa. Mkuu amesema hivyo bila kupepesa. Bisibisi ana miaka hamsini na mitatu. Nani atamwajiri?

Alileta funguo mezani kwangu, na kitambaa cha kufutia lenzi, kimefuliwa na kukunjwa. "Kitambaa ni cha chuo," akasema. Katika majibu yake kwa kamati ameandika mstari mmoja: Sina la kujitetea. Nilidhani nitafurahi.

Jumatano, 9 Aprili

Zoezi la kwanza bila yeye. Nilirekebisha darubini zote mwenyewe na hakuna aliyezigusa. Dakika ya tano meza ya pili: "Mwalimu, kuna ukungu." Meza ya sita: "Nyuzi za kulengea mstari hazionekani." Kisha wote. Nikachungulia kila moja. Safi kabisa! Nikawaambia waache uvivu. Msichana wa meza ya tatu hakulalamika. Alikaa mikono mapajani akasubiri muda uishe.

Nimejiambia Bisibisi aliharibu kitu kabla hajaondoka. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo. Kuna jambo halikai sawa na sijui ni lipi, na moyo unanidunda kama wa mtu aliyesahau jiko linawaka.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekagua nyaya, miche, meza, hata volteji ya umeme. Kila kitu kizima.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika haya mikono ikiwa baridi.

Mchana nilijilaza kwenye kochi kwa ubavu wa kulia, shavu limezama kwenye mto, nasoma. Mdogo wangu alikuwa ametundika mlangoni lile gauni la mteja. Nikainua macho kutoka kwenye ukurasa, nikaliona. Zambarau. Zambarau kali, kama wino. Nikafikiri amelibadilisha. Nikainua kichwa nimwulize, na nilipoinua tu gauni likafifia.

Nikalala tena. Likawaka. Nikainuka. Likafifia.

Mto ulikuwa umeziba jicho langu la kulia.

Nikakaa kitako nikaliziba la kushoto kwa kiganja. Gauni likawa la kahawia. Ukuta mweupe ukawa kama umemwagiwa maji ya chai. Nikabadilisha: ukuta mweupe. Nikabadilisha: chai. Mdogo wangu alitoka jikoni akanikuta najiziba jicho hili na lile.

"Una nini?"

"Ule uzi," nikasema. "Ulikuwa wa kahawia."

"Mwezi mzima baadaye!" akaanza kucheka, kisha akaniona uso akanyamaza.

Nilivaa viatu nikaenda chuoni kwa miguu kwenye mvua. Mwavuli niliukumbuka nilipofika. Nikawasha taa moja ya zebaki, nikangoja ipate moto, nikachungulia kwa jicho la kushoto. Kwanza ukungu. Nikavuta lenzi nje polepole mpaka nyuzi zikakaa wazi, nikasogeza darubini, kupita kijani, kupita buluu. Ukawepo. Mwembamba, hafifu, umesimama wima. Nikaweka jicho la kulia. Hakuna. La kushoto: upo. Nimefanya hivyo mara kumi, kwa sababu kumi ndiyo idadi ninayowadai wanafunzi.

Kisha nikapima umbali niliovuta lenzi kutoka kwenye alama yangu ya penseli. Milimita mbili.

Milimita mbili zilezile. Alikuwa akizirudisha ziwe za jicho zima. Kila siku nilipotoka, aliingia akarekebisha nilichokiharibu, ili watoto wa watu waone. Na watoto wa watu wakaona, wakaandika walichoona, nami nikawapa sifuri. Nilikaa sakafuni karibu na ile ndoo nikalia kwa sauti, hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Sasa nipo nyumbani na kamati ni kesho. Nimeandika barua fupi: Naondoa malalamiko yangu kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ni ya kweli kiasi fulani. Atarudi kazini, nami nitabaki na mkataba wangu, nitakwenda kwa daktari kimyakimya wakati wa likizo. Nilimsomea mdogo wangu.

"Kukosa ushahidi," akarudia. "Kwa hiyo watu watasema aliponea chupuchupu. Kila kikipotea kitu chuoni watamtazama yeye."

"Nikisema ukweli hawatanisainia mkataba. Nani anamtaka mwalimu wa nuru asiyeona?"

"Sijui, dada." Alikuja akakaa karibu nami, akanishika mkono. "Naogopa na mimi. Lakini sijui."

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda na barua ile mkobani na spektrometa mikononi. Mpaka naingia mlangoni sikujua nitatumia ipi.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu, Mkuu katikati. Bisibisi alikaa pembeni, kofia gotini, amevaa shati nisilowahi kuliona, limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Lile shati ndilo lililonimaliza. Alikuwa amejitayarisha kufukuzwa kwa heshima.

"Naomba tufunge mapazia," nikasema.

Nikawasha taa, nikamwambia kila mmoja arekebishe lenzi kwa jicho lake mwenyewe, jambo ambalo sijapata kumruhusu mtu. Mkuu alichungulia kwanza. Nikamwuliza anaona nini mwishoni kabisa.

"Zambarau. Hafifu."

Wa pili akasema hivyo. Wa tatu akasema hivyo. Kisha nikainama mimi, jicho la kulia, mbele yao.

"Mimi siuoni," nikasema. Sauti ilikatika, nikaanza tena. "Siuoni. Wanafunzi waliuona, nikawaita waongo. Huyu bwana alikuwa akirekebisha darubini nilizokuwa naziharibu kila asubuhi, nikamwita mwizi wa majibu. Hakuna kosa lake hata moja kwenye kurasa zile mbili. Ni jicho langu."

Mkuu akamgeukia Bisibisi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaandika huna la kujitetea?"

"Ningejiteteaje bila kulitaja jicho lake?" Aliigeuza kofia. "Mkataba wake ni mwezi wa sita, mzee."

Amefutiwa kila kitu, na kamati imeandika hivyo kwa maneno yangu. Kuhusu mimi, Mkuu amesema nimalize muhula, nitibiwe, kisha "tutaangalia". Koridoni nilimfuata Bisibisi nikamwuliza tangu lini.

"Mwaka juzi. Ulianza kufuta lenzi kabla ya kuchungulia. Lenzi ambayo nimeshaifuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu. Kila nikisema labda, unasema labda nini kama unataka kunipiga." Hakutabasamu. "Lakini wewe, Mwalimu. Miaka kumi na tisa. Ungeniuliza tu."

Jumatano, 23 Aprili

Daktari wa macho amethibitisha. Mtoto wa jicho, wa kulia amekomaa, wa kushoto anaanza. Upasuaji tarehe sita. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia alikohoa ili asicheke. Sikumlaumu.

Bisibisi ameomba kuhamia karakana. Nilimfuata kule, mashine zinanguruma, nikamwomba msamaha kwa kupiga kelele maana hakuna namna nyingine ya kusikika. Alizima mashine.

"Nimeshakusamehe, Mwalimu. Lakini kurudi sirudi. Kila nitakaposhika lenzi nitakuwa najiuliza kama uko nyuma ya kabati."

Nikamwambia ana haki. Nilitembea mpaka getini ndipo nikagundua nimeshikilia nati ya mtu, sijui niliiokota saa ngapi.

Ijumaa, 2 Mei

Nimerudisha alama za wote na kuwaomba radhi darasa zima. Nimeng'oa ile sheria mlangoni. Walinisikiliza kwa adabu na wakatoka haraka.

Jumanne, 6 Mei

Upasuaji. Mdogo wangu ananisomea kitabu kizima, tangu mwanzo, bila kukikata.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekatika. Nimerudi maabara. Jicho jipya linaona buluu ambazo nilisahau kwamba zipo. Blauzi yangu ya kazi, ambayo miaka yote hii nilidhani ni ya kijivu, si ya kijivu hata kidogo. Niliwasha taa ya zebaki mapema, peke yangu, nikachungulia kwa la kulia. Mstari ulikuwepo, mkali kuliko nilivyoukumbuka. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi.

Wanafunzi walipoingia nilikwenda moja kwa moja meza ya tatu. Nilitaka yule msichana awe wa kwanza. Nikamwambia arekebishe lenzi kwa jicho lake, aangalie mwisho kabisa, aniambie anaona nini, nami nitaandika jibu lake ubaoni. Nilishika chaki.

Aliinama. Alirekebisha polepole, kwa vidole vizuri, vya mtu atakayekuwa hodari wa kazi hii. Alitazama muda mrefu. Kisha akainua kichwa, akaniangalia mimi badala ya darubini.

"Mwalimu," akasema, "unataka niseme nini?"